Njia ya Treni Iliyogeuzwa Njia ya Miguu

Likizo iliyopita nilikwenda Florida, Marekani, kumtazama mjomba wangu. Yeye hutembea kwa magongo, na kilima kidogo tu humshinda. Siku moja alinipeleka katika njia iitwayo Van Fleet, yenye urefu wa maili 29 hivi, nayo imetiwa lami.

Wenzangu, mtauliza: mtu wa magongo atapitaje katika kinamasi? Sababu ni reli. Zamani njia hii ilikuwa ya treni. Magurudumu ya chuma huteleza mlimani. Kwa hiyo mafundi walisawazisha ardhi, na penye maji wakajaza tuta la udongo. Treni zilipokoma, reli ziling'olewa, tuta likabaki.

Kinamasi hicho huitwa Green Swamp, nacho ni chimbuko la mito minne, mmojawapo Withlacoochee. Kando ya njia tuliona misonobari, maji ya rangi ya chai, na mamba akiota jua.

Mjomba alitangulia, nami nikamfuata. Hakuniomba mkono hata mara moja. Basi, nasi tukiona reli iliyoachwa, tusifikiri vyuma chakavu tu. Tufikiri pia ni nani angeweza kuipita.