JOTO CHINI YA BONETI

Dereva yeyote aliyeleta shehena Arua kutoka Kampala anakijua kipande cha njia kinachoanza Pakwach. Ukivuka daraja uko bondeni kando ya Mto Nile, penye joto kali. Kutoka hapo gari hupanda kupitia Nebbi hadi Arua, mji ulio karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Wakati wa kiangazi, Desemba hadi Machi, utaona malori yamesimama kando ya njia, boneti wazi, tanboi na jerikeni akitafuta maji. Watu husema, "Gari limechemsha, lina kiu." Mimi ni fundi, nami nasema mara nyingi gari hilo halikukosa maji. Limekosa hewa.

Sababu yake ni hii. Katika nguvu yote iliyomo ndani ya mafuta, kiasi cha theluthi moja tu ndiyo hufanya kazi ya kusukuma gari. Theluthi nyingine hutoka na moshi katika eksozi, na iliyobaki hupelekwa na maji kwenye rejeta. Basi chini ya boneti kuna jiko. Joto lisipopata mlango wa kutokea, injini huvuta tena hewa ile ile ya moto, na hewa ya moto ni nyepesi. Hewa ya nyuzi 60 hupungukiwa uzito kwa karibu sehemu moja ya kumi ukiilinganisha na hewa ya nyuzi 30 ya ujazo ule ule. Mwinuko wa Arua nao umekwisha kupunguza kiasi kama hicho kabla hujawasha gari! Ndiyo maana lori la dizeli lisilo na turbo hutoa moshi mweusi mlimani: mafuta yamo, hewa ya kuyachoma haitoshi. Dereva hukanyaga zaidi, mafuta huisha, mwendo haupatikani.

Na lawama huwa za dereva. Mwenzetu mmoja alikatwa mshahara kwa sababu gasketi ya silinda hedi iliungua akiwa njiani kwenda Koboko na mzigo. Niliitwa kulitazama gari. Lile kava linalozunguka feni, ambalo kazi yake ni kuilazimisha feni ivute hewa kupitia rejeta, lilikuwa limefunguliwa gerejini zamani na halikurudishwa. Mbele ya rejeta mwenye gari alikuwa amefunga vyuma vya urembo na taa nne kubwa. Matundu ya rejeta yalijaa mbegu za majani na wadudu. Feni ilikuwa ikikoroga joto mle mle. Dereva angefanya nini? Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 haimruhusu mwajiri kukata mshahara apendavyo. Makato yanayokubaliwa yametajwa humo. Fedha zilirudi, ila baada ya maneno mengi.

Dawa nyingi ni za bei ndogo. Kava la feni lirudishwe. Rejeta ioshwe kwa maji yasiyo na nguvu sana, kutoka upande wa injini kwenda mbele, ili uchafu urudi ulikoingilia. Mafuta na vumbi vilivyoganda juu ya injini vifutwe, maana huifunika kama blanketi. Bomba la kuvutia hewa lichukue hewa ya nje, mahali pa juu penye vumbi kidogo, lisifungue mdomo karibu na eksozi. Kwa gari la petroli lenye kabureta, tazama kile kipande kinene cha bakelaiti kati ya kabureta na injini. Mafundi wengi hukitupa wakiona ni takataka, kumbe ndicho huzuia petroli isigeuke mvuke. Bila hicho gari hukata moto likisimama sokoni na halitaki kuwaka mpaka lipoe.

Wako pia wanaoinua boneti kidogo upande wa kioo na kuifunga kwa kamba. Gari likisimama, joto hutoka. Likienda kasi, upepo unaogonga kioo husukumwa kuingia humo na kuzuia joto lisitoke. Tangu lami ifike hadi mpakani Oraba, mwendo umekuwa mkubwa, na kamba hiyo haisaidii.

Jambo moja nalisema kwa nguvu. Wengine hufunga eksozi kwa kitambaa cha zamani cha asbesto. Vumbi lake huleta saratani ya mapafu, na halionyeshi madhara yake ila baada ya miaka mingi. Bati lililowekwa mbali kidogo na bomba hutosha. Ukikuta asbesto kuukuu, usiikwangue wala kuipuliza kwa upepo wa kompresa.

Wenzetu wa mashine za kusaga wanaijua habari hii vizuri kuliko madereva. Kwa miaka mingi Arua na Koboko hazikuwa na umeme wa gridi ya taifa, na injini nyingi za dizeli zilifungwa katika vijumba vyenye dirisha moja. Injini huchoka, na mtu aliye ndani huchoka kabla yake. Toboa ukuta mbele ya rejeta, bomba la moshi litoke nje.

Kuhusu maji ya moto: kwa mwinuko wa Arua maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, lakini mfuniko wa rejeta huyabana hata yapite 110 bila kuchemka. Tanboi akiufungua, hulipuka usoni mwake. Zima injini, ngoja nusu saa, kisha ufungue polepole kwa kitambaa kinene. Bosi anayesema "Fungua sasa hivi, mzigo umechelewa" hana haki. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka akulinde.

Kila asubuhi kabla ya safari, andika katika kitabu cha gari kasoro uliyoiona: kava halipo, mfuniko umelegea, ukanda wa feni umechakaa. Weka tarehe, mwenye gari au karani atie sahihi. Akikataa kutia sahihi, andika kwamba amekataa, na nakala mpelekee mwakilishi wa chama kabla hujaondoka.