Saruji na hesabu ya moto: Kiwanda kinachonasa hewa ukaa yake

MKULIMA anayejenga ghala la mahindi huhesabu saruji kwa idadi ya mifuko na bei yake. Hewa ukaa iliyotoka wakati saruji hiyo ikitengenezwa haimo kwenye risiti, ingawa ndiyo inayoongeza joto la dunia na kuvuruga mvua anazozitegemea mkulima huyo huyo.

Viwanda vya saruji hutoa takribani asilimia 7 ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Kubadili nishati ya tanuri peke yake hakutoshi, kwa kuwa zaidi ya nusu ya hewa hiyo hutoka ndani ya mawe ya chokaa. Kilo 100 za mawe safi zikichomwa hubaki kilo 56 tu. Kilo 44 hupaa.

Njia mojawapo ni kuinasa hewa hiyo kabla haijatoka. Moshi hupitishwa kwenye maji yenye kemikali za jamii ya amaini, ambazo huishika hewa ukaa. Kisha maji hayo hupashwa moto hadi nyuzi joto 120 hivi ili yaiachie. Hapo ndipo penye gharama, kwani moto huo ni fedha.

Kiwanda cha Heidelberg Materials kilichopo Brevik, Norway, kilizindua mtambo wa aina hiyo Juni 2025. Mtambo hupasha maji yake kwa joto la tanuri ambalo awali lilipotea bure. Umejengwa kunasa tani 400,000 kwa mwaka, yaani karibu nusu ya hewa ukaa ya kiwanda. Kwa nini nusu tu? Kwa sababu joto la bure linaishia hapo.

Hewa iliyonaswa hufanywa kimiminika, husafirishwa kwa meli hadi Øygarden, kisha husukumwa kwa bomba hadi kwenye miamba iliyo mita 2,600 chini ya sakafu ya Bahari ya Kaskazini.

Sehemu kubwa ya gharama ilibebwa na Serikali ya Norway. Pasipo na msaada kama huo, mzigo utamfikia mnunuzi wa mfuko.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mchoma matofali, mwoka mikate na mkaushaji wa tumbaku hawahitaji mtambo wa Brevik, lakini swali lake linawahusu: kabla ya kununua kuni nyingine, je, joto lililopo linapotelea wapi?