Pampu ya joto katika nyumba kuukuu ya Uingereza

Mwaka 1945 makaa ya mawe yalikuwa adimu Uingereza. Injinia wa umeme wa mji wa Norwich, John Sumner, akaamua kupasha joto jengo la idara yake kwa kutumia maji ya mto Wensum, mto ambao Januari hakuna anayeoga humo kwa hiari. Alitumia kompresa kuukuu pamoja na vifaa alivyoweza kupata wakati huo wa vita. Maji ya mto yaliingia yakiwa baridi na kutoka yakiwa baridi zaidi, na tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyoingia ofisini kama joto. Kwa kila uniti moja ya umeme, jengo lilipata takriban uniti tatu za joto. Baadaye alijiwekea mtambo wa aina hiyo nyumbani kwake, safari hii akichota joto la ardhini.

Wenzake walimpongeza, kisha wakamsahau. Makaa yalirudi kuwa rahisi, na katika miaka ya 1960 ikagunduliwa gesi chini ya Bahari ya Kaskazini. Nyumba kwa nyumba, nchi nzima ikatandazwa mabomba, na leo nyumba zilizo nyingi mno zina boila ya gesi ukutani. Sasa serikali inataka boila hizo ziondoke. Tangu Oktoba 2023, mwenye nyumba wa England na Wales anayeng'oa boila na kuweka pampu ya joto anaweza kupata ruzuku ya pauni 7,500. Msomaji mwenye ndugu Leicester au Reading huenda ameshasikia mjadala huo kwenye simu: jirani mmoja anaisifu pampu yake, mwingine anaapa kwamba imemfilisi na bado anavaa sweta ndani. Wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli. Mashine zao huenda zimetoka kiwanda kimoja. Kinachotofautiana ni nyumba, na hasa joto la maji yanayozunguka ndani ya mabomba yake.

Mashine yenyewe si ngeni kwetu. Simama nyuma ya duka lenye kiyoyozi Kariakoo au Mombasa, karibu na lile boksi la nje: upepo wa moto unaokupiga ni joto lililotolewa dukani. Igeuze kazi hiyo, lichote joto la nje ulilete ndani, na hiyo ndiyo pampu ya joto. Mwanafizikia William Thomson, tunayemjua zaidi kama Lord Kelvin, aliliandika wazo hili mwaka 1852. Alieleza kwamba mashine ileile inaweza kupoza jengo au kulipasha joto, na kwamba kupasha kwa njia hii kungetumia makaa machache kuliko kuyachoma moja kwa moja.

Anayesikia kwa mara ya kwanza huuliza: hewa ya nyuzi sifuri ina joto gani la kuchotwa? Lipo tele, kwa sababu sifuri ya kweli, pale joto linapokwisha kabisa, iko nyuzi 273 chini ya sifuri ya kipimajoto chetu. Ujanja ni kupata kitu kilicho baridi kuliko hewa hiyo ili joto limiminikie humo lenyewe. Pampu nyingi mpya hutumia propani, gesi ambayo pia huchanganywa kwenye mitungi yetu ya kupikia. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri. Ikipita kwenye koili ya nje ikiwa kimiminika chenye presha ndogo, hewa ya Januari huichemsha ikawa mvuke. Kompresa huukandamiza mvuke huo, nao hupanda joto. Ukifika kwenye maji ya nyumba huyaachia joto lake na kurudi kuwa kimiminika, kisha hupita kwenye valvu nyembamba, presha hushuka, na mzunguko huanza upya. Fundi wa friji wa Buguruni angeifungua mashine hii na kuitambua mara moja. Umeme unalipia kukandamiza tu. Sehemu kubwa ya joto imeokotwa nje bure.

Lakini kukandamiza nako kuna bei, na bei hiyo hupanda kadiri unavyotaka kulipandisha joto juu zaidi. Mfaransa Sadi Carnot alituachia msingi wa hesabu hiyo mwaka 1824. Nje kukiwa nyuzi sifuri na maji ya ndani yakitakiwa nyuzi 35, maumbile yanaruhusu, kwa ukomo wake, karibu uniti tisa za joto kwa moja ya umeme. Ukitaka maji ya nyuzi 55, ukomo unashuka hadi sita. Mashine halisi hufikia kama nusu ya ukomo huo, lakini uwiano unabaki palepale: kila nyuzi unayoiongeza kwenye maji unailipia kwenye bili.

Hapo ndipo nyumba kuukuu inapoleta matata. Chukua nyumba ya matofali mekundu iliyojengwa enzi za Malkia Victoria, ukuta umebanana na wa jirani pande zote mbili. Kuta zake ni tofali tupu zisizo na nafasi katikati. Redieta zake zilichaguliwa zama ambazo boila ilipeleka maji ya nyuzi 70 au 80, maji yanayoweza kukuunguza kiganja. Redieta hutoa joto kulingana na tofauti kati yake na chumba. Tofauti ikiwa nyuzi 50, inatoa uwezo wake wote ulioandikwa kiwandani. Ukipeleka maji ya nyuzi 45 kwenye chumba cha nyuzi 20, redieta ileile inatoa takriban theluthi moja tu. Si kwamba pampu ni dhaifu. Chuma cha ukutani ni kidogo. Tiba ni kuweka redieta pana na nene zaidi, zenye mabamba mawili au matatu, au kupunguza joto linalovuja kwa kuziba nyufa, kufunika dari kwa pamba nzito na kubadili madirisha ya kioo kimoja. Kwa kawaida hufanyika yote mawili kwa kiasi.

Mabomba nayo yana neno. Mfumo wa boila wa zamani ulipangwa maji yarudi yakiwa yamepoa nyuzi 11 hivi. Wa pampu hupangwa yapoe nyuzi 5. Ili kubeba joto lilelile, maji yanayopita lazima yawe zaidi ya mara mbili. Bomba jembamba la milimita nane lililofichwa chini ya sakafu miaka ya 1970 haliwezi kuyapitisha, na hakuna ruzuku inayofuta karaha ya kubandua mbao za sakafu ukiwa na watoto ndani. Halafu kuna maji ya kuoga. Boila nyingi za sasa huyachemsha papo hapo ukifungua bomba, ndiyo maana huwa na nguvu ya kilowati 24 na zaidi, ilhali nyumba yenyewe, siku ya baridi kali, inaweza kuhitaji kilowati sita au saba tu. Pampu ndogo haiwezi kazi hiyo ya papo hapo. Inahitaji tangi la lita 200 au karibu na hapo, na tangi linahitaji kabati ambalo mwenye nyumba alikwisha kulibomoa ili apate chumba cha kusomea.

Je, basi nyumba hizi hazifai? Jaribio la serikali ya Uingereza lililoweka pampu katika nyumba 742 za aina na umri tofauti lilionyesha kwamba hakuna aina ya nyumba isiyowezekana. Hilo ni jibu la kiufundi, na ninaliamini. Jibu la mfukoni ni gumu zaidi. Katika jaribio hilo, nyumba ya katikati iliyotumia pampu ya hewa ilipata karibu uniti 2.8 za joto kwa kila uniti ya umeme, na Uingereza umeme huuzwa karibu mara nne ya bei ya gesi.

Tupige hesabu ya nyumba inayohitaji uniti 12,000 za joto kwa mwaka, gesi ikiwa senti 6 za pauni kwa uniti na umeme senti 25. Boila inayopoteza asilimia 15 ya gesi itatumia takriban pauni 850. Pampu ya 2.8 itatumia pauni 1,070. Pampu ileile ikiwekwa vizuri ikafikia 4, bili inashuka hadi 750, na ukikata gesi kabisa unaokoa pia ada ya kila siku ya mita. Tofauti ya zaidi ya pauni 300 kati ya pampu mbili haikutoka kiwandani. Imetoka kwa fundi aliyepima kila chumba, au hakupima.

Wanorwei hawana mjadala huu. Mabomba ya gesi majumbani kwao ni machache, umeme wao mwingi hutoka kwenye maporomoko ya maji, na tangu 2020 ni marufuku kupasha nyumba kwa mafuta ya taa. Pampu imekuwa jambo la kawaida kwao, katika baridi inayozidi ya London kwa mbali. Ajabu ni kwamba baridi kavu haiisumbui mashine sana kama unyevunyevu wa Uingereza wa nyuzi mbili au tatu. Katika unyevu huo barafu huganda kwenye koili ya nje, na kila baada ya muda pampu hujigeuza kwa dakika chache, ikachota joto ndani ili kuiyeyusha. Mvuke mzito hufuka uani, na majirani hudhani kitu kinaungua.

Kuhusu gesi iliyo ndani ya mashine, Afrika Mashariki ina mkono wake. Oktoba 2016 mataifa yalikutana Kigali na kukubaliana kupunguza gesi za friji zinazopasha dunia joto. R-410A, iliyojaa kwenye viyoyozi vingi, ikivuja hupasha anga zaidi ya mara 2,000 ya uzito uleule wa hewa ukaa. Propani haifiki hata mara tano. Inawaka moto, ndiyo, na kwa sababu hiyo huwekwa kwenye boksi la nje, mbali na madirisha na mifereji ya maji.

Mwenye nyumba anayesitasita anaweza kuanza na jaribio lisilo na gharama. Siku ya baridi kali, ateremshe maji ya redieta kwenye boila yake ya sasa hadi nyuzi 50, bila kugusa ya tangi la kuogea kama analo, na aiache iwake kutwa badala ya kuiwasha na kuizima. Vyumba vikibaki na joto, nyumba iko tayari kwa pampu. Chumba kimoja kikipoa, redieta ya kubadilishwa imejulikana. Kisha amwite fundi na kumuuliza swali moja kabla ya bei: siku ya baridi kuliko zote, maji yatatoka kwenye pampu yakiwa nyuzi ngapi? Anayejibu 45 na kuonyesha hesabu ya kila chumba, aendelee kuongea naye. Anayejibu kwamba mashine yake inafika hata 70, amshukuru na kumsindikiza mlangoni.