Faji na dawa za saratani: nani huchuma faida?

Wiki hii tunaziacha kidogo bei za mahindi na ufuta, tuitazame biashara isiyo na hisa hata moja katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, lakini inayoweza kumgusa mkazi wa Kilosa au Mikumi siku ndugu yake atakapopewa rufaa ya Taasisi ya Saratani Ocean Road. Nazo ni dawa za kingamwili.

Mnunuzi wa mpunga huchoma gunia kwa bambo aone kilichomo kabla hajalipa. Mwaka 1985 George Smith wa Marekani alipata bambo la aina yake. Alichukua faji, yaani kirusi kinachoshambulia bakteria, akaipachika jeni ngeni. Protini ya jeni hiyo ikatokeza nje, maelekezo ya kuitengeneza yakabaki ndani. Greg Winter wa Uingereza akaitumia njia hiyo kutafuta kingamwili za binadamu. Mabilioni ya faji, zenye kingamwili mbalimbali, humwagwa juu ya protini ya seli za saratani. Zisizonasa huoshwa. Zilizonasa huzalishwa ndani ya bakteria na kuchujwa tena na tena, mpaka zibaki chache zinazoshika barabara. Wawili hao walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2018, pamoja na Frances Arnold.

Sasa fedha. Winter alishiriki kuanzisha kampuni ya Cambridge Antibody Technology mwaka 1989. Dawa iliyovuma kwa njia hiyo, Humira, iliruhusiwa Marekani Desemba 2002, nayo ni ya baridi yabisi, si ya saratani. Cambridge na muuzaji, Abbott, waligombania mrabaha hadi mahakamani London. Mwaka 2004 Cambridge ikashinda. Mwaka 2006 AstraZeneca iliinunua kwa paundi milioni 702 hivi. Baadaye Humira, ikiwa mikononi mwa AbbVie, ilivuka mauzo ya dola bilioni 20 kwa mwaka. Mwenye chujio alikwisha kuuza.

Kwa saratani, Cyramza ya Eli Lilly, inayotibu saratani ya tumbo, iliruhusiwa 2014, miaka 29 baada ya Smith. Kwa hiyo dalali wa hisa za nje akikueleza kwamba kampuni fulani "imenasa" kingamwili mpya, muulize imefika hatua gani ya majaribio kwa wagonjwa. Kunasa maabara ni kazi ya wiki chache. Majaribio ni miaka, na dawa nyingi huishia hapo.

Mgonjwa wa Mikumi ana tarehe nyingine ya kuangalia: ya kuisha kwa hataza. Humira ilipata washindani wa bei nafuu Marekani mwaka 2023 tu.