Pikipiki za watalii Usambara: Fedha inayopita mlangoni kwa mkulima

WATALII wanaosafiri kwa pikipiki hawaruhusiwi kuingia na vyombo vyao katika hifadhi za taifa nchini. Kwa anayeanzia safari Same, Hifadhi ya Mkomazi, iliyokuwa pori la akiba tangu 1951 na kupandishwa hadhi mwaka 2008, ni ya kutazama kwa mbali. Fedha ambayo angelipa getini inabaki mfukoni. Swali kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo wa wilaya jirani ya Lushoto ni nani ataipata.

Safari ya siku moja inatoa jibu. Asubuhi msafiri anashika barabara kuu kupitia Makanya, Hedaru, Mkomazi na Mazinde. Huko ni nchi kavu ya miiba, mibuyu na mkonge, kwa kuwa milima ya Pare na Usambara huzuia sehemu kubwa ya mvua inayoletwa na upepo wa Bahari ya Hindi. Mahitaji yake hapo ni machache: maji ya kunywa, kivuli, petroli na fundi wa kuziba pancha.

Mombo anakata kona kuingia mlimani. Kwa kilomita 33 za lami kupitia Soni hadi Lushoto mjini anapanda takriban mita 1,000, na joto la tambarare linageuka baridi. Kutoka hapo anapita Magamba na Lukozi, katikati ya mashamba ya kabichi, karoti na viazi, hadi Mtae, kijiji kilicho ukingoni mwa milima. Jioni anatazama chini tambarare ya Mkomazi aliyoipita kando asubuhi, kisha anatafuta pa kupiga hema.

Hapo ndipo biashara ilipo. Mgeni wa gari la kampuni ya utalii mara nyingi amekwisha kulipia chakula na malazi mjini. Mwenye pikipiki hulipa njiani, kidogo kidogo, kwa fedha taslimu, na kwa mtu aliyemkuta barabarani.

Hata hivyo, upo ugumu mmoja ambao wengi hawauhesabu. Wapanda pikipiki hupendelea kiangazi, Juni hadi Oktoba, barabara za udongo zikiwa kavu. Plamsi za Lushoto huiva kuelekea mwisho wa mwaka na mwanzo wa mwaka unaofuata, wakati wa neema shambani na bei duni sokoni. Kwa maneno mengine, mteja anafika matunda yakiwa yamekwisha. Aidha, hawezi kubeba tenga wala debe. Mizigo yake yote imo katika mifuko miwili ya ubavuni.

Dawa yake ni kusindika. Tunda lililokaushwa vizuri au jamu iliyofungwa katika chupa ndogo husubiri hadi Julai. Shamba la Irente, la Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, limejulikana kwa miaka mingi kwa jibini, jamu na mkate wake, na wageni hupanda kulifuata lilipo. Kikundi cha akina mama chenye kaushio la jua na vifungashio safi kinaweza kuanza kwa kiwango kidogo zaidi.

Hesabu ya mfano ni hii. Chukulia kijiji kinapata wageni wanne kwa wiki, kwa wiki 16 za kiangazi, na kila mmoja analipa shilingi 30,000 kwa eneo la hema, chakula cha jioni, chai ya asubuhi na pakiti ya matunda makavu. Mapato ni shilingi 1,920,000. Gharama zikichukua asilimia 40, kinabaki kiasi cha shilingi 1,152,000. Si utajiri, lakini kinaweza kulipa mbegu na mbolea za msimu ujao bila kukopa kwa mchuuzi anayekuja kupanga bei ya kabichi.

Mtaji unaotakiwa ni mdogo: kiwanja tambarare, choo safi, maji ya kuoga, mlinzi na bei iliyoandikwa ubaoni. Fundi wa bodaboda tayari ana ujuzi wa pancha na cheni, ila aulize mapema aina ya tyubu anazopaswa kuweka. Petroli isiuzwe kwenye chupa nyumbani. Ni hatari ya moto, na EWURA imeweka kanuni za vituo vidogo vya vijijini. Vilevile, kambi isiwekwe ndani ya msitu wa hifadhi wa Magamba bila kibali, wala matuta yasibomolewe kutafuta uwanja. Udongo wa mteremko ukishuka na mvua haurudi.

Kosa la kuepuka ni kukopa kujenga nyumba ya wageni kabla ya kuwaona wageni. Utalii huyumba, janga la UVIKO-19 mwaka 2020 lilionyesha jinsi wageni wanavyoweza kutoweka kwa mwezi mmoja. Shamba libaki shamba, na hema liwe nyongeza. Anayetaka kuanza aweke daftari kando ya barabara kiangazi hiki, ahesabu pikipiki zinazopita na kuuliza wenyewe walikosa nini. Daftari hilo ndilo litakalomwambia kama anunue chupa za jamu au aendelee na kabichi zake.