Mfereji au Lango?

Juzi nilikwea kilima cha Lirhanda, karibu na Isecheno katika Msitu wa Kakamega. Kufika kileleni, moyo wanidunda kama isukuti! Nikamwambia mwanafunzi niliyeandamana naye kuwa kila pigo hutegemea mifereji ya kalsiamu kwenye utando wa seli za moyo. Akanikatiza: "Mwalimu, mfereji si mtaro? Maji hupita tu."

Ana hoja. Kweli, hapa Kenya mfereji pia ni ule wa koki, ila koki hufungwa kwa mkono, maji hayajifungii. Kalsiamu hujifungia. Nje ya seli, kalsiamu huru huzidi ya ndani takriban mara 10,000, hivyo njia ikifunguka huingia kwa kishindo. Chembe zikishaingia tu, hunaswa na kalimodulini, protini iliyokaa papo hapo mlangoni, nayo huifunga njia. Yaani mgeni ndiye anayeurudishia mlango! Njia isipofungwa kwa wakati, mapigo huvurugika, na mtu aweza kufa.

Neno "mfereji" laificha kazi hiyo. Mimi nimehamia "lango la kalsiamu", na kalimodulini ndiye bawabu.