Kocha, jino la dogo likitoka usilitupe!

Ukipita Masasi au Newala jioni, chini ya mikorosho kuna chandimu. Magoli ni ya miti, wachezaji wako pekupeku na mwamuzi hana filimbi. Madogo wawili wakirukia mpira mmoja, kiwiko kinatua mdomoni, damu inatoka na jino liko mchangani.

Hapo wengi wetu tunakosea. Tunamfuta dogo damu, jino tunalitupa, wengine wanalirusha juu ya paa kama walivyofundishwa na bibi. Kumbe jino lile bado lilikuwa hai.

Swali la kwanza: dogo ana miaka mingapi? Kama hajafika sita, hilo kwa kawaida ni jino la utoto. Usilirudishe, maana unaweza kuliumiza la ukubwani linalosubiri chini ya fizi. Mpe kitambaa safi akiume mpaka damu ikate, kisha apelekwe kwa daktari wa meno.

Kuanzia miaka saba au minane, meno ya mbele huwa ni ya ukubwani, hayaoti tena. Lishike upande wa kutafunia, usiguse mzizi. Kama lina mchanga, lisuuze kidogo kwa maziwa au maji safi, bila kulisugua. Lirudishe kwenye tundu lake, uso wake ukitazama mbele kama jirani yake, na dogo aume kitambaa taratibu.

Unaogopa? Huna uhakika ni la utoto au la ukubwani? Litumbukize kwenye maziwa baridi, siyo mgando. Maziwa hakuna? Dogo ateme mate kwenye kikombe, jino likae humo. Usilifunge kwenye karatasi likakauka. Likikaa kavu saa nzima, chembe hai za kwenye mzizi zinakufa.

Ndiyo maana dakika za mwanzo ni za kocha, siyo za daktari. Ukiwa kijijini, mpaka upate bodaboda ya kwenda Mkomaindo pale Masasi au hospitali ya wilaya Newala, nusu saa imeshakatika. Uliza pia kama dogo amechanjwa pepopunda. Akizimia au akitapika, jino liache, wahi hospitali, huenda kichwa kimeumia.

Timu zetu zinachangishana jezi na mpira. Safari hii ongezeni kitambaa safi, kikombe na hela ya pakiti moja ya maziwa. Dogo atacheka na jino lake mpaka uzeeni.